Asilimia tisini ya nani? Uchambuzi wa kura moja katika darasa la mtandaoni la sayansi za afya

Somo lilikuwa utangulizi wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii. Waliojiunga walikuwa mchanganyiko: wauguzi, watu wa maabara, wa famasia na wa tiba, wamewekwa pamoja kwa kuwa somo hilo ni la lazima kwa wote. Darasa lilikuwa kubwa, kamera zimezimwa na vinasa sauti vimezimwa. Mhadhiri akiuliza "Tuko pamoja?", watatu wanne wanaandika "ndiyo", walewale wa kila wiki, kisha kimya. Mwalimu yeyote aliyefundisha mtandaoni anaijua "ndiyo" hiyo. Haimwambii nani ameelewa, na mara nyingine haimwambii hata nani yupo.

Ndipo mhadhiri akaingiza kura za papo hapo. Swali linatokea kwenye skrini, mwanafunzi anabofya jibu kwa simu au kompyuta yake bila jina kuonekana, na nguzo za matokeo zinapanda. Programu za kazi hiyo ni nyingi: Mentimeter, Slido, Poll Everywhere, na Zoom ina kura zake za ndani. Ipi ilitumika haina uzito katika kisa hiki.

Ninachokichambua ni kikao kimoja, na ndani ya kikao hicho swali moja. Mazungumzo mengi kuhusu kura hizi huishia kwenye ushiriki: wangapi wamebofya, darasa limechangamka kiasi gani. Msimamo wangu ni kwamba kura ina thamani pale tu matokeo yake yanapoweza kumfanya mwalimu abadili anachofanya dakika inayofuata. Kisa hiki kinaonyesha jambo hilo likitokea, pamoja na mapungufu yake. Matokeo ya darasa nitayaeleza kwa ujumla bila tarakimu, maana wanafunzi walipiga kura wakijua zinabaki darasani.

Kabla ya kikao

Maswali ya wiki za mwanzo yalikuwa ya kumbukumbu. Kiungo gani kinatoa insulini? Muda kati ya kuambukizwa na kuanza dalili unaitwaje? Karibu kila mtu alipata. Nguzo moja ilipaa, nyingine zikabaki chini kabisa, mhadhiri akasema "vizuri sana", akaenda kwenye slaidi iliyofuata. Wiki mbili tatu kila mtu alifurahi. Kisha idadi ya wanaojibu ikaanza kushuka, na katika tathmini ya katikati ya muhula mwanafunzi mmoja akaandika kwamba kura zimegeuka kuwa daftari la mahudhurio.

Alikuwa na haki. Swali ambalo karibu wote wanalipata haliwezi kumgeuza mwalimu njia. Slaidi inayofuata ingekuwa ileile hata kama hakuna aliyebofya. Wanafunzi hulihisi hilo mapema kuliko sisi tunaofundisha.

Kipimo kizuri cha swali la kura kipo tangu zamani. Mwaka 1991 Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alianza kufundisha kwa mtindo wa swali, kura, majadiliano ya wanafunzi wenyewe, halafu kura ya pili juu ya swali lilelile. Kutokana na uzoefu huo ukazaliwa mwongozo ambao walimu wengi wanautumia mpaka leo. Waliopata kwenye kura ya kwanza wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, rudi ufundishe, kwa kuwa hakuna wa kutosha kumwelewesha mwenzake. Wakizidi 70 hivi, eleza kwa kifupi usonge mbele. Katikati hapo ndipo majadiliano yanapolipa. Ukiyapitisha maswali ya insulini kwenye mwongozo huo, yote yanaangukia upande wa "songa mbele". Darasa zima lilikuwa linasonga mbele kila wiki, likibofya.

Swali lenyewe

Kikao kilihusu tafsiri ya vipimo vya uchunguzi. Baada ya maelezo ya takriban nusu saa kuhusu uwezo wa kipimo kugundua wagonjwa na uwezo wake wa kuwaacha wazima bila kuwaita wagonjwa, mhadhiri alifungua kura hii:

Ugonjwa fulani uko kwa mtu 1 kati ya kila 100. Kipimo chake kinagundua asilimia 90 ya wenye ugonjwa. Kwa wasio na ugonjwa, asilimia 95 wanapata jibu hasi, kama inavyotakiwa. Mtu asiye na dalili yoyote, aliyepimwa katika uchunguzi wa jumla wa jamii, amepata jibu chanya. Uwezekano kwamba kweli ana ugonjwa huo unakaribia ngapi?
A: asilimia 95. B: asilimia 90. C: asilimia 50. D: asilimia 15.

Nalipenda swali hili kwa sababu kila jibu lisilo sahihi lina historia yake. Anayechagua A amechukua tarakimu inayowahusu wazima na kumvisha mtu mwenye jibu chanya. Anayechagua B amegeuza sentensi kichwa chini: "wagonjwa 90 kati ya 100 wanapata chanya" ameisoma kama "wenye chanya 90 kati ya 100 ni wagonjwa". Wa C anasema moyoni ama anao ama hana, basi nusu kwa nusu. Mhadhiri akiona nguzo zimesimama vipi, anajua ni kosa lipi la kufundishia, bila kumwuliza mtu hata mmoja. Ukiweka majibu ya kujazia nafasi tu, asilimia 3, asilimia 71, unapoteza habari hiyo yote na unabaki na "wamepata" na "wamekosa".

Swali lina ukoo wa heshima. Mwaka 1978 Ward Casscells na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine jaribio dogo: waliwauliza watu 60 wa hospitali zinazohusiana na Harvard, wakiwemo wanafunzi wa udaktari na madaktari waliobobea, swali la namna hiyohiyo lenye ugonjwa wa mtu 1 kati ya 1,000 na kipimo kinachowapa chanya ya uongo asilimia 5 ya wazima. Jibu sahihi ni karibu asilimia 2. Waliopata walikuwa 11, na jibu lililoongoza lilikuwa 95. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeteleza hapa hajateleza peke yake, na mhadhiri alifanya vema kuwaambia hivyo. Aliwaambia baada ya kura, si kabla.

Kura ya kwanza, na nguzo zilizofichwa

Wiki zilizotangulia nguzo zilikuwa zikipanda mbele ya macho ya wote wakati kura bado iko wazi. Inapendeza kutazama, lakini inaharibu kura. Nguzo ya kwanza kurefuka huwavuta wengine, na mwishoni hujui unapima uelewa wa darasa au mwendo wa kundi. Safari hii mhadhiri alizificha. Alisoma swali kwa sauti mara mbili, akanyamaza, akasubiri.

Kusubiri huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Ukimya wa mtandaoni unaumiza mwalimu zaidi ya ukimya wa chumbani, kwa sababu hakuna sura za kutazama, na wengi wetu huujaza kwa maneno: "haya, fikirieni vizuri, msikimbilie, angalieni tarakimu…" Mwanafunzi anayejaribu kukokotoa hapo anavurugwa.

Matokeo aliyoyaona peke yake: B ikiongoza kwa mbali, A ikifuata, C na D kwa wachache. Waliochagua D hawakufika theluthi.

Kwa mwongozo wa Mazur, hapo anarudi kufundisha. Hakurudi. Hakuonyesha nguzo wala kutaja jibu. Aliwagawa katika vyumba vidogo vya watu wanne na kuwapa kazi: kila mmoja aseme amechagua nini, na aonyeshe tarakimu aliyoitumia inatoka kwa kundi gani la watu.

Alikosea kuuvuka mwongozo? Kuna ushahidi wa kumtetea. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa katika darasa la jenetiki. Wanafunzi walijibu swali, wakajadiliana, wakajibu tena, kisha wakapewa swali la pili lenye dhana ileile ndani ya mazingira mengine. Walifanya vizuri zaidi kwenye swali la pili, na dalili zilionyesha kwamba hata katika makundi ambayo huenda hakuwemo aliyejua jibu mwanzoni, majadiliano yaliwafikisha. Hawakuwa wanamfuata mjuzi wa kundi tu. Lakini hao walikuwa wamekaa bega kwa bega. Katika chumba cha mtandaoni chenye watu wanne, wawili kati yao wakiwa kimya, mimi ningeuheshimu mwongozo, isipokuwa kama nina kazi mahususi ya kuwapa. Mhadhiri huyu alikuwa nayo, na nadhani ndiyo iliyomwokoa. Angesema "haya, jadilianeni", vyumba vingi vingekaa kimya mpaka kengele.

Alipopita kwenye vyumba, kimoja alikikuta katikati ya mabishano. Nayaweka hapa kwa kuwa yanafaa kuliko maelezo yangu:

"Mimi nimeweka B. Kipimo kinapata tisini kwa mia, si kimeandikwa hapo?"
"Tisini kwa mia ya nani?"
"Ya watu, dada."
"Watu gani? Swali limesema ya wenye ugonjwa. Huyu wetu hatujui kama anao. Hicho ndicho tunachoulizwa."
"Sasa sisi wa maabara tunaandika chanya, basi. Hayo mengine ni yenu huko wodini."
"Na mimi nikifika kwa mgonjwa nimwambie nini?"

Hakuna aliyemjibu, na mhadhiri akatoka bila kusema kitu. Mchanganyiko wa fani ulifanya kazi ambayo mhadhara usingeweza. Mtu wa maabara anakijua kipimo kama kifaa, mwuguzi anamjua mtu atakayepokea karatasi, na swali lilikuwa limekaa katikati yao. Kama una darasa la fani mbalimbali mtandaoni, usiache programu igawe vyumba kwa bahati nasibu ukaishia na wanafamasia wanne pamoja. Changanya kwa makusudi.

Vyumba vingine havikuwa hivyo. Vingine vilikuwa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Na wenye intaneti dhaifu walitumia sehemu kubwa ya dakika nne kuhamishwa kutoka chumba kikuu. Waliposikia sauti ya wenzao, onyo la kurudi lilikuwa limeshatokea. Dakika nne zinatosha kwa waliokaa ukumbini. Mtandaoni hazitoshi.

Kura ya pili

Waliporudi, mhadhiri alisema jambo moja kabla ya kufungua kura tena: "Chukueni watu 10,000, muwagawe." Akanyamaza.

D ikapanda na kuvuka nusu. A ikaporomoka karibu yote. B ikapungua lakini haikuondoka.

Mtu mwenye haraka ataandika hapo kwamba majadiliano yamefaulu. Siwezi kusema hivyo kwa uhakika, kwa kuwa kulikuwa na mambo mawili kwa pamoja: majadiliano, na ile sentensi ya watu 10,000. Sentensi hiyo si ndogo. Wanasaikolojia Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walionyesha mwaka 1995 kwamba watu hulifikia jibu la maswali ya namna hii kwa urahisi zaidi wakipewa hesabu ya vichwa badala ya asilimia. Kwa mhadhiri anayetaka kujua majadiliano peke yake yamefanya nini, kura ya pili ingetangulia na dokezo lingefuata. Kwa mhadhiri anayetaka darasa lielewe kabla kipindi hakijaisha, alichofanya kinaeleweka.

Kisha wakakokotoa pamoja, wanafunzi wakiandika kila hatua kwenye gumzo. Kati ya watu 10,000, wenye ugonjwa ni 100. Kipimo kinawagundua 90 na kuwakosa 10. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wanapata chanya ya uongo. Wenye karatasi ya chanya mkononi ni 585, na wagonjwa kweli ni 90 kati yao: asilimia 15 na kitu. Waliong'ang'ania B waliona tarakimu yao ya 90 ikiwa mbele yao, ila sasa ikiwa ni watu 90 ndani ya umati wa 585.

Hapo mhadhiri akaunganisha na kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote kutumia vipimo vitatu mfululizo vyenye jibu chanya kabla ya kumwambia mtu ana virusi vya UKIMWI, na sababu kubwa ni hesabu hiihii: kadiri wanaopimwa wenye virusi ambao bado hawajagunduliwa wanavyopungua, ndivyo chanya za uongo zinavyochukua nafasi kubwa zaidi kati ya chanya zote. Wanafunzi wengi walikuwa wanajua vipimo hurudiwa. Sababu ya kurudiwa ilikuwa imewakaa kama utaratibu wa kliniki, jambo la kufuata tu.

Ambao hawakubofya

Katika kura zote mbili, idadi ya waliojibu ilikuwa chini ya idadi ya walioonekana darasani, na pengo halikuwa dogo. Asilimia za kwenye nguzo hukokotolewa kutoka kwa waliojibu tu, kwa hiyo "zaidi ya nusu wamepata" haikuwa zaidi ya nusu ya darasa. Wapo waliojiunga na kwenda kufanya shughuli nyingine; hao tuwaache. Wengine wako darasani kwa simu moja, na kufungua kiungo cha kura kunawatoa kwenye programu ya darasa, sauti inakatika, wakirudi swali limefungwa. Mtu wa namna hiyo akishindwa mara mbili hajaribu tena, na kwa mwalimu anaonekana mvivu.

Dawa zake hazina teknolojia ya ajabu: kusoma swali na majibu kwa sauti, kuyabandika pia kwenye gumzo, kukubali herufi moja kwa ujumbe wa faragha kwa mhadhiri, na kutofunga kura kwa saa ya kuhesabu sekunde. Kura ya ndani ya programu ya darasa huwafaa hao zaidi kuliko ile inayodai kufungua tovuti nyingine, hata kama haina rangi nzuri.

Jambo la pembeni, lakini lazima lisemwe. Katika rasimu ya kikao kulikuwa na kura ya kuchangamsha ikiwauliza wanafunzi kama wao wenyewe waliwahi kupima magonjwa fulani. Mwenzake mmoja alimshauri mhadhiri aiondoe, na ikaondolewa. Wanafunzi wa afya nao ni wagonjwa wa mtu fulani. Kura isiyo na majina inaficha mtu katika darasa la mia; katika kikundi cha watu kumi, nguzo yenye kura moja ina sura. Kwa msimamo uleule, mhadhiri alikataa kutoa alama kwa jibu sahihi. Namuunga mkono. Mara tu alama zinapoingia, kura ya kwanza inaacha kuonyesha wanafunzi wanafikiri nini na kuanza kuonyesha nani kati yao anajua jibu na wanatumiana vipi.

Wiki mbili baadaye

Kikao kingeishia pale, kingekuwa kisa cha mafanikio na nisingehangaika nacho. Mhadhiri alirudi na swali jingine. Kipimo kilekile, safari hii kwenye kliniki ambako kati ya kila watu 5 wanaoletwa na dalili, 1 ana ugonjwa. Mtu amepata chanya. Majibu: asilimia 15, 50, 82, 90.

Wengi walichagua 15.

Walikuwa wamejifunza kwamba "jibu ni lile dogo". Katika watu 10,000 wa kliniki hiyo wagonjwa ni 2,000 na kipimo kinagundua 1,800. Wazima ni 8,000 na 400 wanapata chanya ya uongo. 1,800 kati ya 2,200 ni karibu asilimia 82. Kwangu mimi hiyo ndiyo kura yenye thamani kuliko zote za muhula ule, kwa sababu ilifichua kwamba sehemu ya ushindi wa kura ya pili ilikuwa kukariri. Swali lilelile la kwanza lingerudiwa mtihanini, wangelipata, na mwuguzi mmoja angekwenda kazini akiamini kwamba majibu chanya kwa kawaida ni ya uongo. Hiyo ni hatari ya aina nyingine kabisa.

Mhadhiri hakufunga hoja kwa kukokotoa tena. Alifungua kura mbili zisizo na tarakimu hata moja. Kipimo kimoja, sehemu mbili: uchunguzi wa jumla kwa wasio na dalili, na kliniki ya waliopelekwa kwa dalili. Kwanza: jibu chanya la wapi ulitilie shaka zaidi? Wengi walisema la uchunguzi wa jumla, na ni sawa. Pili: jibu hasi la wapi ulitilie shaka zaidi? Hapo darasa likagawanyika karibu katikati. Waliofuata mazoea wakasema tena uchunguzi wa jumla. Hesabu inasema kliniki: kati ya majibu hasi 7,800 ya kliniki, wagonjwa waliokoswa ni 200, kwenye uchunguzi wa jumla ni 10 kati ya 9,415.

Dakika za kipindi zilikuwa zimekwisha. Aliifunga kura bila kuonyesha nguzo, na swali hilo ndilo lililofungua kikao kilichofuata, katika vyumba vya watu watatu wa fani tofauti, kwa dakika nane.